Jibu: Siku mbili Mombasa, nile nini?

Ndugu yangu, umeuliza ule nini Mombasa kwa siku mbili bila kuingia mikahawa mikubwa. Anza Mji wa Kale asubuhi, kabla ya saa mbili, mahamri yakiwa bado yanaepuliwa karaini. Hamri zuri ukilipasua lina uwazi ndani, na harufu ya iliki inakupanda puani. Lichovye kwenye mbaazi za nazi, usilile kavu. Ya jana yaache kabisa, huwa magumu.

Jioni teremka Mama Ngina, bustani ya ufukweni, ukae ukitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, dafu mkononi na muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Viazi karai navyo vitamu, mradi ukwaju uwe mzito. Mabuyu mekundu wabebee watoto.