Wateja wanataka maziwa mabichi, niwauzie?

Ndugu, nimekuelewa: una ng'ombe watatu hapo Morogoro, majirani wanataka maziwa yasiyochemshwa eti yana nguvu zaidi, nawe hujui taratibu za kuuza.

Hiyo nguvu ni maneno ya vijiweni. Moto hauondoi protini wala kalisiamu; kinachopungua ni vitamini kidogo, hasa C, ambayo maziwa hayana nyingi tangu mwanzo. Kinachokufa ni vijidudu vya bruselosi (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi), kifua kikuu na salmonela. Pasha hadi nyuzijoto 63 kwa dakika 30 huku ukikoroga, kisha poza haraka. Huna kipimajoto? Chemsha mpaka yapande, basi.

Kabla ya kuuza, muone afisa mifugo wa kata akuelekeze usajili wa Bodi ya Maziwa. Daktari wa mifugo naye awapime ng'ombe bruselosi, maana anayeugua anaweza kuonekana mzima kabisa. Madumu ya mafuta ya kula achana nayo, hayatakati. Tafuta keni ya alumini.

Mteja mjamzito usimpe mabichi hata akibembeleza. Na nyumbani kwako, homa ya kwenda na kurudi yenye maumivu ya viungo msiishie kupima malaria tu. Mwambieni daktari kwamba mnafuga, maana huenda ni bruselosi.