Jimbo la Minnesota, Marekani: ajira zimeongezeka, na asilimia ya wasio na kazi nayo imepanda

Hesabu haijakosewa, ni tafiti mbili tofauti. Idadi ya ajira hutoka kwa waajiri, kwenye orodha za mishahara za kipindi chenye tarehe 12 ya mwezi. Asilimia ya wasio na kazi msingi wake ni mahojiano ya kaya. Mwenye kazi mbili huhesabiwa mara mbili kwa waajiri, mara moja kwenye kaya. Anayeishi Hudson, katika jimbo jirani la Wisconsin, na kuvuka mto kwenda kazini St. Paul, ajira yake huhesabiwa Minnesota, ila kwenye kaya yeye huhesabiwa Wisconsin.

Ila sababu kubwa huwa hii: asiyetafuta kazi ndani ya wiki 4 zilizopita kwa kawaida hahesabiwi kuwa hana ajira. Chukua nguvukazi (wenye kazi pamoja na wanaotafuta) ya watu 100, wasio na kazi 4: asilimia 4. Wakiingia wapya 3 ambao awali hawakuwa wakitafuta, mmoja akapata, wawili bado wanatafuta, inakuwa 6 kwa 103, yaani asilimia 5.8. Na ajira imeongezeka!

Namba ya mwezi mmoja usiishikilie sana, hurekebishwa mwezi unaofuata, na mapema kila mwaka idadi ya ajira hulinganishwa upya na rekodi za bima ya ukosefu wa ajira.