Jibu: Maji Maji ilianzia kwenye pamba

Mkuu, umeuliza kama Wamatumbi, watu wa vilima vya Matumbi karibu na Kilwa, walipigana na Wajerumani katika vita vya Maji Maji kwa sababu tu ya dawa ya mganga Kinjikitile, maji yaliyodaiwa kuwakinga na risasi. Dawa iliwaunganisha na kuwatia ujasiri, lakini hasira ilikuwepo kabla. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja. Maakida na majumbe, yaani watumishi wa serikali hiyo vijijini, waliwaswaga watu kulima kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mkono. Malipo yalikuwa kichekesho, wengine wakayakataa. Ndiyo maana Julai 1905, pale Nandete, kijiji cha Wamatumbi, walianza kwa kung'oa mipamba! Kinjikitile alinyongwa Agosti, vita vikaendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma mazao makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Gavana aliyefuata, Rechenberg, aliachana na mashamba yale.