Poti za ampu ya valvu: niliyojifunza kwa kuzifunga na kuzifungua tena

Ampu ya kwanza ya valvu, yaani kikuza sauti cha gitaa kinachotumia taa za kioo badala ya transista, niliyoiunda kwa mikono yangu ilifuata saketi ya Fender Champ, ile ya 5F1. Ina valvu tatu tu: 12AX7 mbele, 6V6 ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Poti, yaani rezista ya miguu mitatu inayozungushwa kwa nobu, iko moja, ya sauti, basi. Niliona sehemu hiyo haina cha kunisumbua, nikachukua poti ya mega-omu 1 (kilo-omu 1000 za ukinzani) niliyoikuta kwanza kwenye duka la vipuri vya redio na kuifunga. Ampu iliwaka, ikalia vizuri. Lakini sauti yote ilipanda kati ya 0 na 2, na kutoka 2 hadi 12 tofauti ilikuwa ndogo mno. Mpiga gitaa akitaka kutulia nyuma ya mwimbaji alikuwa anaisogeza nobu kama mtu anayefungua kasiki.

Poti ile ilikuwa ya B, yaani ukinzani wake unapanda kwa mstari ulionyooka. Ikiwa katikati inapitisha nusu ya volti za mawimbi, na kwa sikio nusu hiyo ni pungufu la desibeli 6 tu. Poti ya A, ambayo tunaiita ya logi, ikiwa katikati hupitisha kama asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo sauti inapanda taratibu jinsi mkono unavyotarajia. Kwenye sauti weka A. Usikubali muuzaji akikwambia ni kitu kile kile.

Herufi peke yake pia usiiamini. Kwenye baadhi ya poti za zamani za Ulaya maana imegeuzwa: A ni ya mstari, B ni ya logi. Shika mita, zungusha poti hadi katikati, pima kati ya mguu wa kati na ule unaoishia upande wa sifuri. Ukipata nusu ya thamani nzima, hiyo ni ya mstari. Ukipata sehemu ndogo, ni ya logi. Hapo hapo pima na thamani nzima, maana poti nyingi huruhusiwa kupishana kwa asilimia 20 juu au chini. Poti ya mega-omu 1 ikisoma kilo-omu 830, haijaharibika. Mimi huandika kipimo kwa kalamu mgongoni mwa kila poti kabla ya kuigusa kwa risasi.

Kuna ujanja unaosambazwa sana wa kuchukua poti ya mstari na kuunga rezista kati ya mguu wa kati na athi (upande wa volti sifuri, yaani chasisi) ili ifanane na ya logi. Kwenye saketi za transista zenye nguvu ya kubeba mzigo hauna ubaya. Kwenye valvu siupendi kabisa. Ukiunga rezista ya kilo-omu 150 kwenye poti ya mega-omu 1, nobu ikifika mwisho valvu inayoilisha poti inabeba mzigo wa kilo-omu 130 hivi badala ya mega-omu nzima. Pleti ya 12AX7 (sehemu ya valvu inayotoa mawimbi yaliyokuzwa) yenye rezista ya kilo-omu 100 inausikia mzigo huo, na nguvu inapungua pale pale ulipoihitaji.

Kuhusu thamani, heshimu mchoro. Fender Bassman ya 5F6-A, ambayo Marshall waliifuata walipotengeneza ampu yao ya JTM45, ina mega-omu 1 kwa sauti, kilo-omu 250 kwa trebo, mega-omu 1 kwa besi, kilo-omu 25 kwa midi (sauti za kati) na kilo-omu 5 kwa presensi (ung'avu wa sauti za juu). Poti za trebo, midi na besi zinafanya kazi pamoja na kapasita zilizo jirani. Ukibadilisha moja, zote tatu zinahama. Kama dukani trebo ipo ya kilo-omu 220, chukua, hutasikia tofauti. Lakini midi ya kilo-omu 100 mahali pa 25 ni ampu nyingine kabisa.

Halafu umbo. Zile poti ndogo za milimita 16 zinavutia kwa bei na nafasi, na kwenye pedali hazina shida. Ndani ya ampu ya valvu mimi hufunga za milimita 24, kwa sababu uwezo wake wa volti ni mkubwa zaidi, miguu yake haikatiki ukiipinda mara mbili, na mzunguko wake ni mzito kidogo mkononi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna sababu nyingine: hewa ya chumvi. Poti iliyo wazi mgongoni inaingiza unyevu na vumbi. Ikiwezekana, tafuta iliyofungwa kila upande, hata kama utasubiri kifurushi kwa wiki kadhaa.

Kabla ya kutoboa chasisi, poti iwe mezani kwako na pimarula mkononi. Shingo za poti hazilingani, na mhimili nao uko wa milimita 6 na wa robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Nobu ya robo inchi ikikaa kwenye mhimili wa milimita 6 inayumba; kinyume chake haiingii. Mhimili wenye meno unataka nobu ya kusukuma, ule laini unataka nobu yenye skrubu ya pembeni. Kile kijino kidogo kinachochomoza karibu na shingo wengi hukikata. Mimi nakitobolea tundu lake, kwa sababu ndicho kinachozuia poti isizunguke nati ikilegea. Poti ikizunguka inavuta waya, na waya ukikatika kwenye upande wa athi, sauti inaruka hadi juu ghafla, mbele ya watu.

Kuunga miguu ndipo wengi tunapokosea, kwa kuwa tunafanya kazi tukiitazama poti kwa nyuma ilhali mchoro umeionyesha kwa mbele. Itazame upande wa mhimili, miguu ikielekea chini: wa kushoto unaenda athi, wa kulia unapokea mawimbi, wa kati unapeleka kwenye gridi, sehemu ya valvu inayopokea mawimbi. Ukigeuza, sauti itapanda nobu inaposhuka. Waya wa mguu wa kati ukiwa mrefu, tumia waya wenye ngao, ngao iungwe athi upande mmoja tu, na upite mbali na nyaya za pleti. La sivyo ampu itapiga mluzi.

Na tafadhali, usichomee athi mgongoni mwa poti. Ampu nyingi za zamani zimefanywa hivyo, najua. Lakini bati lile linanyonya joto, unakaza pasi ya kuchomea kwa muda mrefu, na kaboni ya ndani inaungua. Pitisha waya mnene wa shaba kutoka mguu hadi mguu, uupeleke kwenye athi karibu na tundu la gitaa.

Sasa mkwaruzo. Mteja mmoja, mpiga gitaa wa kanisani, alinirudishia ampu akisema volyumu inakwaruza kila akiigusa. Nikapulizia poti dawa ya kusafishia, ikatulia siku mbili. Nikabadilisha poti, ikatulia wiki. Mara ya tatu niliacha kuilaumu poti. Niliiwasha ampu, nikaiacha ipate joto, nikabana ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi, mkono mmoja nyuma ya mgongo, nikagusa mguu wa poti unaopokea mawimbi. Hapo DC inapaswa kuwa karibu na sifuri. Mita ilisoma volti 7.

Kapasita inayotoka kwenye pleti, ambayo kazi yake ni kuzuia DC, ilikuwa inavujisha. Volti zile zilikuwa zinapita kwenye kaboni, ndiyo maana ilikwaruza, na kwa kuwa ziliingia hadi gridi inayofuata, hata rangi ya sauti ilibadilika nobu ikipanda. Presensi ya 5F6-A ni jambo jingine: kwa mchoro wake poti ile inapitisha DC, na mkwaruzo kidogo ni wa kawaida. Ukitaka iwe kimya, weka rezista ya kilo-omu 4.7 ibebe ile DC, halafu poti ya kilo-omu 25 iungwe kupitia kapasita ya maikrofaradi 0.1.

Nilizima, nikachomoa plagi, nikamwaga umeme wa kapasita kubwa kupitia rezista na kuhakikisha kwa mita umeisha, maana ndani ya ampu hizi kuna volti 300 hadi 450 zinazoweza kubaki hata swichi ikiwa imezimwa. Nikafunga kapasita mpya. Kisha nikaitoa kwenye droo ile poti ya kwanza niliyokuwa nimeitupia humo kama mbovu, nikaipima, nikairudisha mahali pake. Jumapili iliyofuata ilizunguka kimya ibada nzima.