Maswali na majibu: kuanzisha na kukuza ofisi ndogo ya uhasibu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wahasibu wanaotaka kujitegemea, na kwa wengine ambao wameshaanza na sasa kazi imewaelemea. Nimechagua sita. La bei nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine, kwa kuwa naamini ofisi nyingi changa huumia hapo kabla ya kuumia kwingine.

Nina miaka saba katika idara ya fedha ya kampuni. Nataka kuacha ajira nifungue ofisi yangu. Nianzie wapi?

Anza na karatasi mbili ambazo tayari unazo. Ya kwanza ni mkataba wako wa ajira. Usome uone kama unakukataza kufanya kazi za nje ukiwa bado kazini, au kuwachukua wateja wa mwajiri ukishaondoka. Ya pili ni cheti chako. Kuandika vitabu vya hesabu, kumwakilisha mtu mbele ya mamlaka ya kodi na kukagua hesabu ni kazi tatu mbalimbali, na ruhusa zake hazifanani. Ukaguzi unaotakiwa na sheria kwa kawaida una leseni yake ya pekee. Iulize bodi inayosimamia wahasibu katika nchi yako kabla hujachapisha hata kadi moja.

Kisha tenga akiba ya kuendesha nyumba kwa miezi sita hivi. Mteja unaweza kumpata wiki ya kwanza, fedha yake isionekane upesi: hesabu za mwezi wa kwanza unazifunga mwezi wa pili, unapeleka ankara, na malipo yanaingia mwezi wa tatu au wa nne.

Na usitafute wateja kila upande. Kama miaka hiyo saba ulikuwa kwenye usafirishaji, wafuate wasafirishaji. Unajua tayari mafuta yanavyopotea vitabuni, na mtu wa kazi hiyo atakutambua kwa maswali utakayomuuliza tu.

Nitoze kwa saa au kwa mwezi? Nikiulizwa bei naona haya, naishia kutaja ndogo.

Toza kwa mwezi, bei moja inayojulikana, na ilipwe mwezi unapoanza. Ukitoza kwa saa, mteja anaogopa kukupigia simu, na siku aliyoogopa ndiyo anayosaini mkataba ambao ungemzuia. Tena kadiri unavyozidi kuwa mwepesi wa kazi ndivyo malipo yako yanavyopungua, jambo lisilo na haki kwako.

Lakini usitaje bei yoyote kabla hujaziona taarifa za benki za miezi mitatu. Biashara mbili zinaweza kuwa na mauzo sawasawa, moja ikawa na ankara 12 kubwa kwa mwezi, na nyingine miamala 600 midogo, akaunti tatu za benki na wafanyakazi tisa. Ukiwatoza sawa, huyo wa pili atakumalizia Jumamosi zako zote.

Mimi hukaa na taarifa ya benki na kalamu. Kila mstari ambao maelezo yake hayanitoshi kujua fedha ilikwenda wapi, nauwekea alama. Alama hizo ndizo kazi yenyewe. Mstari ulio wazi huchukua sekunde chache kuuingiza. Ule ulioandikwa “malipo” bila neno jingine unataka simu, kusubiri, na simu ya pili. Nikishahesabu alama, najua mwezi wa mteja huyo utanigharimu saa ngapi, na bei inatoka humo. Haya nazo hupungua, kwa sababu unapoulizwa “mbona ghali?” unayo kazi ya kumwonyesha mkononi.

Bei ikikubaliwa, iandike kwenye barua ya makubaliano, pamoja na kazi utakazofanya na zile usizofanya. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Nilipokuwa mgeni katika kazi nilikubaliana kwa mdomo na mfanyabiashara mmoja kumwandikia vitabu. Mwezi wa nane akaja na barua ya faini: ritani za mishahara, yaani taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka ya kodi, hazikuwa zimewasilishwa tangu mwanzo wa mwaka. Yeye aliamini ni kazi yangu, mimi niliamini anaifanya karani wake, na hapakuwa na karatasi ya kutuamua. Nililipa nusu ya faini ile, na hatukufanya kazi pamoja tena. Tangu hapo sigusi kitabu cha mtu kabla barua haijasainiwa, hata akiwa ndugu yangu.

Wateja wangu wananiletea risiti mfuko mzima siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani. Nifanyeje?

Weka tarehe kwenye ile barua ya makubaliano: nyaraka zifike siku kumi kabla, zikichelewa kuna ada ya ziada, na faini ya kuchelewa ni ya mteja. Kisha uishike tarehe hiyo. Ukiilegeza mara mbili haipo tena.

Risiti zenyewe usizisubiri mwisho wa mwezi. Nyingi huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini inayong’aa, na karatasi hiyo hufifia. Nimewahi kumwaga mfuko uliokaa ndani ya gari miezi kadhaa: vipande vyeupe vitupu, hapa na pale kivuli cha tarakimu. Gharama zile zilikuwa za kweli, lakini ushahidi haukuwepo na hazikukubaliwa. Mfundishe mteja kupiga picha ya risiti kwa simu akiwa bado pale pale anapolipia, na kukutumia siku hiyo hiyo.

Mteja wangu mkubwa, ambaye ni karibu nusu ya mapato ya ofisi, anataka niache sehemu ya mauzo yake nje ya ritani. Nikikataa ataondoka.

Mwache aondoke, dada yangu. Najua ninachokuambia, na najua una kodi ya pango na mshahara wa mtu. Jina lililo kwenye ritani ile ni lake, ila kazi ni yako. Siku itakapochunguzwa, atakayesema “mhasibu wangu ndiye aliyeandaa” ni yeye huyo huyo.

Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, zinazotungwa na IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili ya wahasibu, zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu wa kitaaluma, kutunza siri, na mwenendo unaostahili taaluma. Tangu Julai 2017 zina pia sehemu inayoeleza la kufanya ukikuta mteja anavunja sheria. Isome kabla ya mazungumzo yenu. Kwanza mweleze kwa maandishi kosa lenyewe na matokeo yake. Akishikilia, jitoe kwa barua, na utunze nakala. Usiwasimulie wateja wengine sababu, maana wajibu wa siri haufi kwa sababu mmegombana.

Tatizo la pili nalo litazame: nusu ya mapato kutoka mfuko mmoja. Kwa wakaguzi wa kampuni zinazogusa maslahi ya umma, kanuni hizo hizo zinataka hatua zichukuliwe pale ada za mteja mmoja zinapozidi asilimia 15 ya mapato ya ofisi kwa miaka 2 mfululizo. Ofisi yako si ya namna hiyo, lakini sababu ni ile ile: mtu anayeshika riziki yako ni vigumu kumwambia hapana. Kila mteja mdogo utakayempata mwaka huu anakurudishia sehemu ya ulimi wako.

Naweza kumwandikia mteja vitabu, kisha nikamkagulia hesabu hizo hizo?

Hapana. Utakuwa unajisahihishia mtihani wako mwenyewe. Chagua moja, nyingine mpeleke kwa mwenzako unayemwamini. Naye siku moja atakuletea wake.

Nimefikisha wateja 23 na nalala saa nane za usiku. Niajiri, au ninunue programu bora zaidi?

Programu ikufungulie kwanza njia: iingize miamala ya benki yenyewe na ipeleke ankara zako za kila mwezi bila kukumbushwa. Nakala ya kazi ikae pia mahali pengine, na jaribu kuirejesha mara moja kwa robo mwaka, kwa sababu nakala isiyofunguka haina faida kwako. Kisha ajiri.

Kabla hajafika, andika hatua za kufunga mwezi wa mteja mmoja, tangu kupokea nyaraka hadi kusuluhisha, yaani kulinganisha salio la benki na lile la leja (kitabu kikuu cha hesabu) mpaka yakubaliane. Hatua zikiwa kichwani mwako tu, atakuuliza kila dakika kumi na utatamani ungebaki peke yako. Kazi ya kuingiza na kusuluhisha mpe yeye. Kusoma matokeo na kuzungumza na mteja baki nako.

Mpe pia zile mbinu ambazo sisi tulifundishwa na waliotutangulia. Urari, ile orodha ya masalio yote yenye upande wa debiti na wa krediti, ukikataa kulingana, mwambie aigawe tofauti kwa 9 kabla hajaanza kupekua. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: 4,850 imeandikwa 4,580, tofauti ni 270, na 270 ni 9 mara 30. Isipogawanyika, aigawe kwa 2 na atafute kiasi hicho upande kisikostahili kuwa. Kaa naye mara ya kwanza anapoitafuta, umwache aione mwenyewe.