Piano Niliyoiweka Mahali Pasipo na Piano

Kuna mwaka nilipewa tangazo la makumbusho moja ya Ufaransa nilitafsiri. Lilikuwa fupi, mistari sita hivi, na katikati kulikuwa na maneno haya: *nocturne le jeudi*. Kichwani mwangu nocturne ilikuwa moja tu, ile ya wapiga piano: vipande vya taratibu alivyovianzisha John Field wa Ireland, kisha Chopin akatunga vyake 21 na kuvipa umaarufu. Kamusi sikuigusa. Nikaandika, "Kila Alhamisi kuna muziki wa piano usiku."

Mteja akanipigia simu, kicheko kimemjaa: hiyo piano umeitoa wapi?

Kumbe Mfaransa akibandika neno hilo mlangoni, ana maana kwamba siku hiyo wanachelewa kufunga. Basi.

Asili yake ni Kilatini *nocturnus*, yaani "-a usiku", kutokana na *nox*, usiku. Ila kila lugha imelituma kazi zake. Kwa Wahispania *turno nocturno* ni zamu ya usiku, na shuleni ni masomo ya jioni ya watu wanaoshinda kazini. *Treno notturno* ya Waitalia ni treni ya usiku, haina uhusiano na muziki. Na daktari akiandika nokturia, anamsema mgonjwa anayeamka usiku kwenda haja ndogo. Hapo ukileta ushairi, shauri yako.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuuliza neno lina maana gani, natazama limekaa na nani. Piano? Shule? Treni? Kibofu? Jirani yake ndiye anayelitambulisha.

Jambo jingine, usidanganyike na wanaodai kwamba "usiku" katika lugha za Ulaya ni "n" pamoja na "nane", eti kuna siri ya kale. Kufanana kupo kweli: *noche* na *ocho*, *notte* na *otto*, *nuit* na *huit*, hata Kiromania *noapte* na *opt*. Lakini *noctem* (umbo jingine la *nox*) na *octo* (nane) za Kilatini zote zilikuwa na "ct", na kila lugha ikaisaga kwa namna yake. Mimi hilo nalitumia kukumbuka msamiati tu: nikisahau moja, naivuta kwa nyingine.

Tangazo nililirekebisha hivi: "Alhamisi tunafunga saa tatu usiku." Mteja akauliza mbona sasa limepoa hivyo.