Kabla Biti Haijagusa Ubao

Tangu nilipogusia mashine za CNC, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, katika safu hii, barua nyingi zinazonifikia ni za watu walioinunua au kuzawadiwa, wakaifunga, wakaiwasha, kisha wakakwama. Nimechagua sita. Nimechonga kwa patasi na tezo kwa miaka 22, na miaka 6 ya mwisho mashine hii imekaa kwenye benchi lilelile, kwa hiyo nitajibu kiseremala.

SWALI: Salaam fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Wanangu wamenizawadia mashine ndogo ya CNC, ile ya sentimita 30 kwa 18. Nimeifunga mwenyewe kwa siku mbili. Nimeshapakua mchoro wa kichwa cha simba cha kuchonga kwa kina, na ubao mzuri wa mvule ninao. Nianzie wapi?

Shikamoo Mwalimu. Simba naomba asubiri kidogo, na mvule uurudishe stoo.

Sababu ni hesabu. Sura ya milimita 150 kwa 150 huchongwa kwa biti, kile chuma cha kukatia kinachozunguka, yenye ncha ya duara inayopita mstari kwa mstari. Mistari ikiachana kwa milimita 0.3 unapata mistari 500, yaani mita 75 za mwendo. Kwa kasi ya milimita 500 kwa dakika hiyo ni saa mbili na nusu, na bado hujahesabu mkato wa kwanza wa kuondoa mbao nyingi. Kosa la dakika ya kwanza utalikuta mwishoni, mvule umeshakwisha.

Anza na kalamu. Toa biti, funga kalamu ya wino mahali pake, mota ya kukatia ikae imezimwa, tandika karatasi, kisha iamuru mashine ichore mraba wa milimita 100. Pima pande zote nne kwa rula ya chuma, halafu pima kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vya kona vinatakiwa vilingane, kama milimita 141.4 kila kimoja. Visipolingana, fremu imekaa upande. Legeza skrubu zake, inyooshe, kaza tena.

Sasa tuseme upande mmoja umetoka milimita 98. Kwanza kagua kile kiungo kinachoshikanisha mota na skrubu ndefu inayosogeza meza. Usiku mmoja nilibadilisha namba kwenye kompyuta mara tatu, kumbe skrubu moja ndogo ya kiungo hicho ilikuwa haijakazwa. Kama kila kitu kimekaza na mraba unatoka 98 kila unapochora, hapo ndipo unagusa namba. Mota hizi huzunguka kwa hatua, nyingi zikiwa na hatua 200 kwa mzunguko, na kidhibiti huigawa kila hatua mara 16, hivyo unapata 3,200. Skrubu ikisogeza meza milimita 4 kwa mzunguko mmoja, ni hatua 800 kwa milimita. Kwenye GRBL, programu iliyoanza mwaka 2009 na ambayo ndiyo ubongo wa mashine nyingi ndogo, namba hiyo iko mstari wa $100 kwa mhimili wa X (kushoto na kulia), $101 kwa Y (mbele na nyuma) na $102 kwa Z (juu na chini). Zidisha 800 kwa 100, gawanya kwa 98, unapata 816.3. Iandike, chora tena, pima tena.

Jambo jingine, na hili najua wewe hasa utalipenda: fungua faili la G-kodi, yaani orodha ya amri ambazo mashine inazifuata, kwa programu ya kawaida ya maandishi, ulisome. G21 inasema vipimo ni milimita. G90 inasema kila kipimo kinahesabiwa kutoka sifuri. G0 ni kwenda haraka hewani, G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka, M3 inawasha mota ya kukatia na M5 inaizima. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata amri zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Amri zako zinapita kwenye waya wa USB, ila mashine ni mtiifu vilevile, hata kwa amri mbaya. Ukikuta Z-12 na ubao wako una unene wa milimita 10, umeokoa meza kabla hujawasha chochote.

Baada ya kalamu, chukua kipande chakavu cha msonobari na biti bapa ya milimita 3, ukate mraba uleule kwa kina cha milimita 1. Simba atakuja, Mwalimu. Nitumie picha yake.

SWALI: Fundi, nachonga jina la mwanangu kwa biti ya V. Herufi za kushoto zinatoka nene na za kulia zinakuwa nyembamba mpaka ya mwisho haionekani kabisa. Mchoro kwenye kompyuta uko sawa. Je, mashine ni mbovu?

Mashine haina ubaya wowote, dada. Ubao wako haujalala sawa mbele ya biti, na biti ya V haifichi siri hiyo.

Biti ya V ya digrii 90 ikizama milimita 1, inaacha mfereji wenye upana wa milimita 2. Ikizama nusu milimita, upana ni milimita 1. Kwa hiyo ubao ukishuka nusu milimita tu upande wa kulia, herufi inapoteza milimita nzima ya unene. Ukitumia biti ya digrii 60 hasara inapungua hadi karibu milimita 0.6, lakini bado macho yataiona.

Dawa ni ubao wa kafara. Huu ni ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, unaoufunga juu ya meza ya mashine kwa skrubu, vichwa vya skrubu vikiwa vimezama chini kabisa ambako biti haitafika. Kisha mashine yenyewe inausawazisha: biti pana bapa inapita uso wote, huku na huku, ikiondoa milimita 0.3 au 0.5. Ikimaliza, uso huo uko sambamba na mwendo wa mashine hata kama meza yenyewe imepinda. Kabla ya kupitisha, mimi huchora mistari ya penseli kila mahali. Penseli ikibaki sehemu, sehemu hiyo iko chini na mkato mwingine unahitajika.

Halafu angalia klampu zako. Ubao mwembamba ukibanwa sana pembeni huinuka katikati, na kidole chako hakitahisi. Kwa mbao za jina la mlangoni mimi nimeacha klampu. Nabandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, mgongoni mwa ubao na mwingine juu ya ubao wa kafara, naweka gundi ya haraka kati ya tepe mbili, nakandamiza kwa nusu dakika. Ubao unashika kote, hakuna klampu ya chuma ambayo biti inaweza kuigonga, na ukimaliza unaubandua bila kovu.

Mwisho, weka sifuri ya Z, yaani mahali kina kinapoanza kuhesabiwa, juu ya ubao wenyewe. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Iweke juu ya ubao, teremsha biti kwa hatua za milimita 0.05, huku mkono mwingine ukiivuta karatasi taratibu. Mwanzo inateleza. Kisha inafika hatua moja unahisi imekwaruza, kama imeshikwa na ncha ya kucha. Simama hapo. Fanya hivyo kwenye kona nne, na kama karatasi inashikwa kona moja na kuteleza nyingine, usianze kuchonga.

SWALI: Biti yangu inalia, kingo zinatoka nyeusi na chumba kinanuka moshi. Nimepunguza mwendo mpaka milimita 100 kwa dakika ili isiumie, lakini moshi ndio umezidi. Mota inazunguka mara 10,000 kwa dakika, biti ina makali mawili.

Ndugu yangu, umeionea huruma biti kwa namna inayoiua. Makali mawili kwa mizunguko 10,000 ni mikato 20,000 kwa dakika. Gawanya mwendo wa milimita 100 kwa hiyo mikato, kila kali linang'ata milimita 0.005. Huko si kukata, ni kusugua, na ukisugua mti kwa chuma unapata moto.

Joto la mkato linatakiwa liondoke na maranda. Kali linapong'ata kipande chenye unene, kipande kinatoka na joto lake. Lisipong'ata, joto linabaki kwenye biti, makali yanakufa, na biti butu inasugua zaidi. Panda hadi milimita 600 kwa dakika, kila kali ling'ate 0.03, kisha ongeza kidogokidogo. Ukihofia nguvu ya mashine, punguza kina: milimita 1 kwa mti laini, nusu milimita kwa mti mgumu, upite mara nyingi zaidi. Mwendo usiuguse.

Mashine ikishasimama, chukua kilichotoka ukisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikiwa laini kama poda, bado unasugua. Kikiwa vipande vidogo unavyoweza kuvihesabu, vyenye kingo, hapo unakata. Sauti nayo inabadilika, kile kilio chembamba kinageuka kuwa mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Mimi sasa nasikiliza kuliko ninavyoangalia.

Biti iliyokwisha kuungua itupe. Na tafadhali, mkato ukitoa moshi usiufyonze kwa mashine ya vumbi na kuondoka. Kaa moja jekundu ndani ya mfuko wa vumbi la mbao linaweza kukaa kimya kwa saa nzima kabla halijawaka.

SWALI: Kazi ya saa tatu ilikatika katikati bila sababu. Laptopu ilikuwa sawa, nilipogusa kitufe ikawaka.

Jibu umeliandika mwenyewe: laptopu ililala. Ilipolala, amri ziliacha kutoka, meza ikasimama, lakini mota ya kukatia iliendelea kuzunguka mahali pamoja. Yalinipata hayohayo kwenye ubao wa mtoto wa rafiki yangu, na shimo jeusi nililolikuta katikati ya herufi sijalisahau. Zima mipangilio ya kulala, chomeka chaja, na waya wa USB uwe mfupi, mbali na waya wa mota. Na usiondoke chumbani mashine inapokata. Kitufe chekundu cha kuzimia kiwe mahali mkono unafika bila kuvuka juu ya biti.

SWALI: Fundi, tunaishi chumba na sebule, tuna mtoto mchanga. Mume wangu anataka kuiweka mashine sebuleni, anasema vumbi lake ni dogo. Ni salama?

Hapana, mama. Naomba umsomee jibu hili.

Udogo wa vumbi hilo ndio ubaya wake. Punje kubwa unaziona sakafuni na unazifagia. Zile usizoziona zinaelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na ndizo zinazoingia mapafuni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. MDF ina gundi yenye formaldehaidi juu ya hilo. Mtu mzima anaweza kuvaa barakoa ya N95 na miwani. Mtoto mchanga hawezi.

Itafutiwe nafasi nje ya mnapolala: ukumbi wa nyuma, stoo yenye dirisha, banda. Ifungiwe kasha la mbao lenye kioo cha plastiki mbele, na bomba la kufyonza vumbi liingie humo. Kasha litapunguza na kelele. Baada ya kazi afute kwa kitambaa chenye maji, asipulize kwa mdomo wala kwa pampu, na abadili shati kabla ya kumbeba mtoto. Kama nafasi hiyo haipo kwa sasa, mashine ikae kwenye boksi lake mpaka ipatikane.

SWALI: Nimechonga kwa mkono tangu ujana wangu. Vijana wananiambia niuze patasi ninunue mashine. Unasemaje?

Shikamoo mzee wangu. Mashine nunua ukipenda, ila patasi usiuze hata moja.

Mwambie kijana yeyote akuchongee kwa mashine shimo la mraba la kupachikia kiungo, kisha aingize ulimi wa mraba humo. Hautaingia. Biti inazunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kuacha kona kali ya ndani. Biti ya milimita 3 inaacha kona yenye mviringo ambao nusu kipenyo chake ni milimita 1.5, katika kila kona, kila mara. Wapo wanaotoboa vijishimo vya pembeni ili ulimi upite, na kwenye kazi ya kujificha ndani ya kabati mimi sina neno. Kwenye kazi inayoonekana naacha mashine iondoe ule mzigo wa mbao katikati, halafu nachukua patasi ya milimita 6 niliyoinoa asubuhi, naisimamisha kwenye mstari, bapa lake likitazama ukuta wa shimo, nagonga mara mbili upande huu, mara mbili ule. Kipembe kidogo cha mti kinadondoka, na ulimi unaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Sijaona bado faili la kufanya hivyo. Ukiamua kununua, niandikie tena, tuanze na kalamu na karatasi kama Mwalimu hapo juu.